Rupia ya Mjerumani: Ijue halisi kabla ya kuuza ng'ombe

Piga picha ya kikao hiki. Ni mwezi wa Julai katika kijiji kimojawapo cha Ugogo, uwele umeshaingia ghalani na upepo wa kipupwe unapuliza vumbi uani. Mjomba amefika kutoka mjini na mgeni asiyejulikana. Mgeni anafungua kipande cha kaniki na kutoa sarafu tatu nyeusi zenye sura ya mzungu aliyevaa kofia ya chuma.

"Shemeji, hizi ni rupia za Mjerumani," anasema mjomba kwa sauti ya chini. "Mwenyewe anataka milioni mbili tu. Dar es Salaam yupo tajiri anayetoa milioni arobaini. Nimeongea naye kwa simu."

Baba wa nyumba anaangalia zizini. Ng'ombe wawili na mbuzi watatu wangetosha kupata fedha hiyo. Mama anauliza swali moja tu: "Kama tajiri yupo na bei anaijua, kwa nini huyu mgeni asiende mwenyewe?"

Vikao vya namna hii vimezigharimu familia nyingi mifugo, viwanja na ada za watoto. Tatizo ni kwamba hadithi yenyewe ina ukweli ndani yake. Rupia za Mjerumani zilikuwepo kweli, zilikuwa za madini ya fedha kweli, na zipo nyumba ambazo bado zina moja au mbili chini ya sanduku la bibi. Tapeli hujificha nyuma ya ukweli huo. Ndiyo maana kila familia inafaa kujua mambo mawili: historia fupi ya sarafu hizi, na namna ya kuzipima nyumbani kwa vifaa vya bei nafuu.

Zilitoka wapi?

Kabla ya Wajerumani, biashara ya pwani na bara ilitumia vitu vingi. Misafara iliyopita Ugogo ikielekea Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi, zaidi kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Pwani na Unguja zilitumika reale za fedha za Maria Theresa kutoka Austria, na baadaye rupia za India.

Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Kwa kuwa watu walikwishaizoea rupia ya India, Wajerumani hawakuleta mark yao. Walitengeneza rupia yenye uzito na kiwango kilekile cha fedha, wakaweka sura ya mfalme wao, Kaisari Wilhelm wa Pili. Rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilichukua kazi hiyo na kubadili hesabu: rupia moja ikawa heller 100. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata neno "hela". Neno "pesa" nalo lilitoka India, na "fedha" kwa asili ni jina la madini yenyewe.

Sarafu hizi ziliingia vijijini kwa njia isiyopendeza. Serikali ya Mjerumani ilianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, na kiwango cha vijijini kilikuwa rupia tatu kwa mwaka. Ili kuzipata, mtu aliuza mifugo au mazao, au alikwenda kufanya kazi mashambani na kwenye ujenzi wa reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na vibarua walilipwa kwa sarafu hizohizo. Rupia iliyobaki kwa bibi, basi, huenda ilikuwa jasho la babu yake.

Hadithi ya masanduku yaliyofukiwa

Watu wengi wanaamini kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia masanduku ya rupia chini ya mibuyu, karibu na maboma ya zamani au kando ya reli. Kondoa ilichukuliwa na majeshi ya Uingereza mwezi Aprili 1916, na Dodoma ikafuata mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Kutokana na kukimbia huko, watu wamechimba mashimo mengi na hata kubomoa makaburi.

Lakini historia inaonyesha hali tofauti. Wakati wa vita, meli za Uingereza zilifunga pwani na sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Serikali ya kikoloni iliishiwa fedha taslimu kiasi cha kuchapa noti za dharura hapahapa nchini. Mwaka 1916 ikaanza kugonga sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Zilitengenezwa za heller 5 na heller 20 kwa shaba ya kuokoteza, na chache za dhahabu za rupia 15, zilizotokana na dhahabu ya machimbo ya Sekenke, Iramba. Tabora yenyewe ilianguka mikononi mwa Wabelgiji Septemba 19, 1916.

Serikali iliyofikia kugonga sarafu za shaba ya kuokoteza katika karakana ya treni haikuwa na masanduku ya fedha ya kuacha chini ya kila mbuyu. Si kwamba hakuna mtu aliyewahi kuficha chochote, la hasha. Lakini anayeuza "sanduku la rupia 500" ana kazi kubwa ya kueleza lilipotoka.

Sarafu halisi ilivyo

Rupia moja ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66 ikiwa mpya. Upana wake ni takriban milimita 30. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha na zinazobaki ni shaba. Kwa hiyo ndani yake kuna fedha safi ya gramu 10.7 hivi. Iliyochakaa kwa kushikwashikwa inaweza kupungua kidogo na kufikia gramu 11.5 au 11.3, lakini haiwezi kuwa gramu 9, na haiwezi kuwa gramu 14.

Upande wa mbele una sura ya Kaisari Wilhelm mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Maandishi yanayomzunguka ni ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR.

Upande wa nyuma unategemea mwaka. Zilizotolewa kati ya 1890 na 1902 zina nembo ya kampuni, yaani simba na mti wa mnazi, pamoja na jina refu la kampuni, DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Za kati ya 1904 na 1914 hazina simba. Zina jina la koloni, DEUTSCH OSTAFRIKA, thamani, mwaka, na herufi ndogo ya kiwanda: A kwa Berlin au J kwa Hamburg.

Maelezo hayo peke yake yanatosha kukamata bandia nyingi bila kipimo chochote. Rupia ya Mjerumani yenye mwaka 1885 haipo, kwa sababu zilianza 1890. Sarafu ya 1895 iliyoandikwa heller haipo, kwa sababu heller ilianza 1904. Rupia ya fedha ya mwaka 1918 haipo. Yenye alama ya msalaba wa Hitler nayo haiwezi kuwa ya koloni hili, kwa sababu Hitler alishika madaraka mwaka 1933, miaka 14 baada ya Ujerumani kunyang'anywa makoloni yake. Na iliyoandikwa jina la Kaisari kwa herufi zilizokosewa ilichongwa na fundi asiyejua anachonakili.

Vipimo vitano vya nyumbani

Familia haihitaji maabara ili kuanza. Inahitaji mizani ndogo ya kidijitali kama ile ya wauza dhahabu, rula, sumaku, uzi na glasi ya maji.

Cha kwanza ni macho. Shika sarafu kwa ukingo, ndani ya mwanga wa jua, na tumia lenzi au kamera ya simu kukuza picha. Sarafu halisi iligongwa kwa mashine yenye nguvu, hivyo herufi zake zina kingo kali na uwanja wake ni laini. Ya bandia mara nyingi humiminwa katika kalibu. Hapo utaona vitundu vidogo kama vya uji uliochemka, herufi zilizovimba kama zimelowa, na wakati mwingine mstari unaozunguka ukingo mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Vijino vya ukingoni vya sarafu halisi vimepangana sawasawa. Vya bandia hupotea sehemu fulani au huonekana vimekwaruzwa kwa tupa.

Weusi usimdanganye mtu. Ni kweli fedha ya zamani hubadilika rangi na kuwa ya kijivu au nyeusi. Lakini hata sarafu ya jana inaweza kuchomwa, kupakwa kemikali na kufukiwa matopeni hadi ionekane ya karne. Angalia sehemu zilizochakaa. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu husuguliwa kwanza pale palipoinuka, yaani kwenye kofia, shavu na masharubu ya Kaisari. Ikiwa palipoinuka pana rangi nzito kuliko mashimoni, rangi hiyo imepakwa.

Cha pili ni sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Sarafu ikinasa, mazungumzo yameisha. Ila isiponasa, kazi bado haijaisha, kwa sababu shaba, risasi na bati pia havinasi. Wengi hukosea hapa: muuzaji anatoa sumaku mfukoni, sarafu hainasi, na mnunuzi anatoa fedha. Sumaku hukataa bandia ya chuma tu, haithibitishi fedha.

Cha tatu ni uzito na upana. Pima mara mbili, kwenye mizani yako, si ya muuzaji. Gramu 11.66 kwa milimita 30 hivi. Fundi wa bandia akitumia madini mepesi kuliko fedha, hana budi kuchagua: akiweka upana sawa, uzito unapungua; akitaka uzito sawa, sarafu inakuwa nene.

Cha nne ni maji, na hiki ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote vya nyumbani. Weka glasi yenye maji juu ya mizani kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe yote majini bila kugusa kitako wala kuta za glasi. Namba itakayojitokeza ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo.

Rupia halisi ya gramu 11.66 itasukuma maji ya gramu 1.13 hivi, na jibu litakuwa karibu 10.3. Shaba ya manjano hutoa jibu la karibu 8.5, na shaba nyekundu karibu 9. Mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu ni bora zaidi, lakini hata ya sehemu ya kumi hutenganisha fedha na shaba ya manjano. Baada ya kipimo, kausha sarafu kwa kitambaa laini kwa kugandamiza, si kwa kusugua.

Cha tano ni sauti na karatasi. Sarafu ya fedha iliyowekwa ncha ya kidole na kugongwa taratibu kwa nyingine hulia kama kengele ndogo, na mlio hukaa. Risasi hutoa mlio mfu. Kipimo hiki hufaa kwa sababu risasi ni nzito kuliko fedha, na fundi akiichanganya na bati anaweza kukaribia jibu la kipimo cha maji. Sugua ukingo wa sarafu ya mashaka kwenye karatasi nyeupe: risasi huacha mstari wa kijivu kama penseli. Anayefanya hivyo anawe mikono, maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Sarafu inayostahili kuaminiwa ni ile inayopita vyote vitano, si ile iliyopita kimoja mara tano.

Vipimo vya uongo

Vipo pia vipimo ambavyo havina maana yoyote. Maarufu ni kile cha mchele. Muuzaji humwaga punje za mchele mezani na kudai kwamba rupia "yenye nguvu" huzivuta. Wengine husema huzima redio, huzuia kiberiti kuwaka au hupoteza mtandao wa simu. Huko India, ambako rupia ilianzia safari yake, utapeli wa sarafu zinazovuta mchele umekuwa biashara ya magenge, na polisi wamewakamata watu mara kadhaa.

Fedha haivuti mchele, iwe ya Mjerumani au ya mtu mwingine. Punje ikisogea, kuna kitu kimechanganywa kwenye mchele au kimefichwa chini ya meza. Na hata kama muujiza huo ungekuwa kweli, hakuna mnunuzi wa sarafu za kale duniani anayelipia muujiza. Wakusanyaji hulipia mwaka, herufi ya kiwanda, uhaba na hali ya sarafu.

Wengine hudai kafara, au mganga wa "kutuliza" mali kabla haijauzwa. Kila hatua ina malipo yake, na kila malipo hufuatiwa na kikwazo kipya. Familia ikiona hivyo ijue kwamba bidhaa inayouzwa pale ni matumaini yao wenyewe.

Kwa nini "tajiri" hupatikana haraka

Utapeli huu una sehemu mbili, muuzaji na mnunuzi, na mara nyingi wote ni kundi moja. Muuzaji huja na sarafu. Siku hiyohiyo au kesho yake, "tajiri" hupiga simu akitafuta sarafu za aina hiyohiyo kwa bei ya kutisha. Familia inaona pengo la faida katikati na kukimbilia kununua. Ikishalipa, namba ya tajiri haipatikani tena.

Dawa yake ni hesabu ndogo. Bei ya fedha kwa gramu hutangazwa kila siku duniani na inaonekana kwenye simu. Izidishe kwa 10.7. Hiyo ndiyo thamani ya madini yaliyomo katika rupia moja. Kwa wakusanyaji, rupia za miaka ya kawaida huuzwa kwa makumi ya dola, na zilizo adimu au zenye hali nzuri sana hupanda zaidi. Sarafu ya dhahabu ya Tabora ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, ndiyo inayofikia maelfu ya dola. Hiyo ina uzito wa gramu 7.17, ilitolewa mwaka 1916 tu, na jumla yake ilizidi kidogo 16,000. Kwa sababu ya bei yake, inanakiliwa mno, na hakuna anayepaswa kuinunua bila kupimwa na mtaalamu.

Mtu anayesema rupia moja ya fedha ya kawaida inauzwa mamilioni ya shilingi ana mawili: hajui, au anajua sana.

Ndugu wa rupia

Familia nyingi hukuta sandukuni sarafu nyingine na kuzichanganya na rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyoletwa na Waingereza mwaka 1921, ina uzito wa gramu 7.8 hivi, na hadi ile ya 1946 robo tu ya madini yake ni fedha. Za mwaka 1948 na baadaye hazina fedha kabisa. Si bandia, ila si fedha tupu kama inavyodhaniwa.

Reale ya Maria Theresa ina gramu 28 na sehemu 833 za fedha katika kila 1,000. Zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zilizogongwa karne ya 20, kwa sababu biashara ilizizoea hivyo. Mwaka ulioandikwa hautoshi kuwa ushahidi wa umri.

Siku hizi zinazunguka pia dola za fedha za Kichina, hasa ile yenye kichwa kikubwa cha Yuan Shikai, rais wa China aliyetawala hadi 1916. Halisi ina gramu 26.7 hadi 26.9 na sehemu 890 za fedha, na nyingi zimeandikwa mwaka wa tatu wa Jamhuri, yaani 1914. Ni miongoni mwa sarafu zinazonakiliwa zaidi duniani, na nakala zake huuzwa hata kama mapambo ya utalii. Sarafu za Kichina si ngeni Afrika Mashariki: mwaka 2013 watafiti walipata kisiwani Manda, Kenya, sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala China mwanzoni mwa karne ya 15. Lakini hiyo ni sarafu yenye tundu la mraba katikati, si dola ya fedha. Vipimo vitano vya rupia vinafaa pia kwa dola ya Kichina. Kinachobadilika ni namba tu.

Mahali pa kupeleka

Sarafu ikishapita vipimo vya nyumbani na bado kuna fedha nyingi inayohusika, ipelekwe kwa mtu mwenye mashine. Wakazi wa Dodoma wana bahati katika hili, kwani Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ina makao makuu na maabara jijini humo. Wapo pia wanunuzi wakubwa wa dhahabu wenye mashine ya mionzi inayosoma aina ya madini bila kukwaruza sarafu. Mashine hiyo ina mipaka yake: husoma zaidi tabaka la juu, hivyo sarafu ya shaba iliyopakwa fedha nene inaweza kuipotosha. Kipimo cha maji ndicho huumbua cha ndani.

Ikumbukwe pia kwamba fedha halisi haimaanishi sarafu halisi. Fundi anaweza kuyeyusha rupia ya kawaida au bangili na kugonga mwaka ulio adimu. Hapo madini yatapita, lakini herufi na vijino ndivyo vitakavyosema.

Kuhusu kuchimba, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimbua vitu vya kale au kuvipeleka nje ya nchi. Kubomoa boma la zamani au kaburi kwa kutafuta mali ni kosa na ni aibu. Na aliyetapeliwa asinyamaze kwa haya: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Ujumbe wa simu, namba, risiti za miamala na sarafu yenyewe ya bandia vitunzwe kama ushahidi na kupelekwa polisi.

Kama sarafu ni ya bibi

Familia yenye sarafu ya urithi ina kazi rahisi zaidi. Isiisugue kwa majivu, dawa ya meno wala ndimu ili ing'ae. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa wakusanyaji, na haiwezi kurudishwa. Isitobolewe kwa ajili ya mkufu. Iwekwe kwenye bahasha ya karatasi kavu, mbali na unyevu.

Kisha liandikwe daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika mwaka wa sarafu, herufi yake, uzito, nani aliitoa kwa nani na kwa sababu gani. Piga picha pande zote mbili. Hii huondoa ugomvi siku ya mirathi, na humzuia kijana wa nyumba kuibadilisha kimyakimya na ya bandia.

Turudi uani

Katika kile kikao cha Julai, mama angeweza kuingia ndani na kutoka na vitu viwili: mizani ndogo iliyoazimwa kwa jirani anayeuza viungo, na rupia moja ya mama mkwe wake, iliyofungwa kwenye pindo la kanga kuukuu.

Ya mama mkwe inapimwa kwanza. Gramu 11.4. Inazamishwa majini kwa uzi wa cherehani. Mizani inasoma 1.1. Ukigawanya unapata 10.4 hivi. Masharubu ya Kaisari yamesagika, herufi J bado inasomeka.

Kisha inapimwa moja kati ya zile tatu za mgeni. Ni gramu 9.2. Inazamishwa, mizani inasoma 1.1 vilevile. Sarafu mbili zimesukuma maji sawa, lakini moja ni nyepesi kwa zaidi ya gramu mbili. Ukigawanya unapata 8.4. Ni shaba ya manjano iliyopakwa.

Mgeni mwenye mali halisi angesubiri zipimwe zote. Mwenye bandia hukumbuka ghafla kwamba basi la mjini linakaribia kuondoka.

"Tumsindikize mgeni, mjomba," baba anaweza kusema bila hasira, kwa sababu mjomba naye huenda alidanganywa. Ng'ombe wanabaki zizini. Rupia ya bibi inarudi kwenye pindo la kanga, safari hii ikiwa na karatasi ndogo: 1911, J, gramu 11.4, aliipata baba yake kwa kazi ya reli.